Mkono wa Mgeni Rasmi Chini ya Shali

Mgeni rasmi, Bwana Kithinji, Mkurugenzi wa Kampuni ya Mtaji ya Kilele kutoka Nairobi. Bwana Mkuu wa Tarafa. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi mlioingia kwa sababu mmesikia harufu ya pilau: assalaam aleikum.

Sisi, Umoja wa Wahitimu wa Biashara wa Garissa, tumesimama mbele yako na mashati yaliyopigwa pasi, hata wale wetu ambao pasi huiona dukani tu.

MAKARIBISHO

Karibu Garissa. Barabara imekutikisa, tunajua. Tangu mvua ya El Niño iikate, kila anayefika hapa hujipapasa kwanza kuhakikisha meno yake yote yapo. Na joto hili lisikutishe, kwani hili ni la asubuhi. La mchana bado liko njiani.

Umekuja kukitazama kiwanda cha maziwa ya ngamia cha Mama Bishara, uone kama kampuni yako itanunua hisa zake. Kesho utakaa naye mzungumze bei. Leo umekubali kukaa nasi, na tunashukuru kwa dhati.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza pale vijana wenye diploma walipogundua kwamba wote wana ugonjwa mmoja: wanaitaka kazi yako. Usishtuke, mgeni rasmi. Kiti chako hatukitaki, kazi ndiyo tunayoitaka.

Watu wa hapa waliuliza ni kazi gani hiyo. Bibi yake Osob alimwita mjukuu wake akamhoji. "Mnanunua mnyama mzima?"

Osob akasema, "Hapana, ayeeyo. Tunanunua sehemu ya biashara ya mtu. Tunakaa na mwenyewe, tunaisaidia inenepe, halafu tunauza sehemu yetu kwa faida."

"Na hilo ndilo mlilokwenda kusomea chuoni?"

"Ndiyo, ayeeyo."

"Miaka yote ile?"

Mazungumzo yaliishia hapo.

MAFANIKIO

Kila Jumamosi tunakutana katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitabu. Tunasoma hesabu za makampuni na kubishana mpaka mwenye duka agonge ukuta. Bei za hisa tunazipata kwenye gazeti la Nairobi, ambalo hufika likiwa limekwisha kufungiwa nyama mahali fulani. Tunazo pia kompyuta na umeme, ingawa si mara nyingi hukutana siku moja.

Mwenzetu Hani anafanya kazi benki, upande wa mikopo. Osob ni mshauri: mashirika humwita, naye huwaandikia biashara ipi itasimama na ipi itaanguka. Mimi na Warsame tulitoka chuoni moja kwa moja, tukiwa na vyeti vyetu na njaa.

Na hicho kiwanda kilichokuleta, mgeni rasmi, tumekitia mkono. Mama Bishara alikuwa akiuza maziwa yake yote kwa wakala mmoja tu wa Eastleigh kule Nairobi, na wakala huyo akikohoa, kiwanda kizima kinaugua. Ni umoja huu uliomshauri atafute wanunuzi wengine. Alitufukuza mara ya kwanza. Tulirudi. Leo magari yake yanafika hadi Thika, na wewe umekuja kumtembelea. Hatujisifu. Tunasoma risala tu.

MATATIZO YETU

Mwaka jana tulikuja kwenu Kilele kuomba kazi. Mimi niliyetoka chuoni niliambiwa, "Nenda kwanza ukafanye kazi benki." Hani wa benki akaambiwa, "Nyinyi watu wa benki mmezoea kukopesha na kudai. Sisi tunanunua na kuvumilia. Kajifunze ushauri." Osob mshauri akaambiwa, "Wewe unatoa ushauri kisha unakwenda nyumbani kulala. Hujawahi kusoma hesabu kama mtu wa benki." Tulirudi tukiwa tumebanana kwenye kiti cha nyuma cha basi, tukawaza kushonwa pamoja tuwe mtu mmoja. Tatizo ni kwamba Hani hakubali kushonwa karibu na Osob. Anasema Osob anakoroma.

Mwaka huu mkatuita tena. Hapo ndipo likatokea jambo la Warsame, ambalo kila mtu humu ndani analijua ila hakuna anayelitaja. Sisi tutalitaja.

Warsame aliingia kwenye mahojiano pamoja na vijana wa Nairobi. Wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulikuwa umekaa mbele yao. Ukamwambia, "Tuseme mimi ndiye mwenye kiwanda cha ngozi. Nipe bei yako. Lakini angalia, hawa wenzako nao wanakitaka, na wanasikiliza."

Sasa, mtoto aliyekulia kwenye soko la mifugo la Garissa akiambiwa atoe bei na washindani wanasikiliza, anafanya nini? Hapa bei haitamkwi. Mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya shali na vidole vikazungumza. Kidole kikibanwa hivi ni bei hii, kikibanwa vile ni bei ile. Wapita njia hawasikii kitu, hakuna wa kupandisha bei, na bei ikiwa ndogo hakuna anayeaibika. Wanaume hufanya hivyo. Sisi wanawake tunatumia mdomo, na mdomo wenyewe ndio huu mnaousikia.

Basi Warsame akasimama, akasema bismillahi, akalitandaza shali lake juu ya mkono wako, akakubana vidole.

Uliruka nyuma na kiti chako. Chai ikamwagika. Ukapaza sauti, "Unanihonga mimi? Mbele ya watu?"

Warsame akajibu kwa adabu, "Hapana, bwana. Ningekuhonga, ningengoja watu waondoke. Hii ni bei."

Askari wa mlangoni akamtoa yeye na shali lake. Hani na Osob, waliokuwa nje wakingoja zamu yao, wakatolewa pia, kwa kosa la kutoka naye mji mmoja. Kisha tukaletewa habari kwamba hakuna mtu wa Garissa atakayehojiwa tena Kilele mpaka umoja wetu uombe radhi hadharani.

MAOMBI

Tunaomba Warsame arudishwe kwenye kile kiti, amalizie bei yake. Mpaka leo hujui alikupa ngapi, na mtu wa biashara hawezi kulala vizuri na swali kama hilo.

Tunaomba Hani na Osob waitwe, na wale wanaotoka chuoni wasilaumiwe kwa kutozaliwa benki.

Ombi jingine ni kwa faida yako. Kesho ukikaa na Mama Bishara, tafadhali usitaje bei kwa sauti. Wakala wa Eastleigh ana binamu kila kona ya mji huu.

KUHUSU RADHI

Jana Mwenyekiti wetu, Abdullahi Alio, aliisoma risala hii akakunja uso. "Arbia, walaal, dada yangu, weka radhi hapo mwishoni. Hata ndogo."

Nikamuuliza, "Ndogo kiasi gani?"

"Kama punje ya mtama. Asiione, ila aisikie."

Nilikuwa tayari kuiweka, wallahi. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini leo asubuhi, mgeni rasmi, ulipita soko la mifugo ukataka mbuzi wa kuwalisha wenzako. Ukauliza bei kwa sauti yako nzuri ya Nairobi. Watu wakajaa, na kila aliyefika akaipandisha. Ndipo akaja dalali mmoja kijana, akakwambia, "Bwana, nipe mkono," akalitandaza shali. Mkono wako ukaingia chini yake kwa hiari yako. Mlipomaliza ulicheka mpaka miwani ikaanguka, na tangu hapo umemsimulia kila uliyekutana naye jinsi ulivyompata mbuzi yule kwa bei nzuri. Hukuita askari.

Dalali yule ndiye Warsame. Hukumtambua kwa sababu leo hakuvaa tai. Yuko pale mlangoni, ameshika shali lile lile.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, aibariki kampuni yako, na akitie baraka kiwanda cha Mama Bishara. Mbuzi wako ameiva. Karibu mezani, na Warsame amewekewa nafasi kando yako.

Ama kuomba radhi: hatuombi.

Ni sisi, Umoja wa Wahitimu wa Biashara wa Garissa.

Imesomwa na katibu, Arbia Korane, ambaye naye haombi.