Wasifu wa Sindano, na Makubaliano Aliyotuachia Kuhusu Binti Yake

Ndugu waombolezaji, tunamshukuru Mungu kwa maisha ya mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sindano. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa mwisho kati ya wanne wa baba yetu mpiga chapa, aliyetangulia, na mama yetu, aliyekaa hapa mbele. Alibatizwa mwaka huohuo, na imani hiyo aliishika mpaka mwisho.

Mwaka 1993 alianza shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akiwa darasa la sita aliona shati la mwalimu wa hesabu limefumuka begani, akaomba alishone hapohapo, mwalimu akiwa amelivaa. Alimchoma mara mbili. Mwalimu akamwita Sindano, na jina likaganda. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2004, kisha akajifunza ushonaji.

Kuanzia 2006 alifanya kazi katika karakana ya sare za shule, chumba kirefu chenye cherehani pande zote mbili. Alipewa kazi ya kubandika mifuko kwa sababu mshono wake haukupinda. Wenzake wako hapa, na watawaambia kwamba alikuwa mcheshi, ila ulimi wake ulikata kuliko mkasi.

Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na fundi wa friji, ambaye nyumbani tunamwita hivyohivyo, Fundi Friji. Mwaka 2016 Mungu aliwajalia binti mmoja. Fundi Friji aliondoka mtoto akiwa hajaanza kutembea, akahamia kwa mwanamke mwingine. Hatutapaka rangi jambo hilo. Kwa miaka miwili hakuuliza mtoto anakula nini wala analala wapi. Yupo leo, amesimama kule karibu na geti, na anajua tunasema kweli.

Sisi tulitaka afikishwe mahakamani, na mjomba wetu alikwisha kumpata wakili. Marehemu alitukatalia. Alisema mtu akifungwa halei. Akaenda kwa msuluhishi, mama mmoja mstaafu mwenye ofisi juu ya duka la vioo. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kila mmoja aseme bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Ndugu tulitolewa nje tukakaa kwenye benchi, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyembamba.

Fundi Friji alisema hatatoa matunzo yakaishie kwenye nywele za mwanamke na tumbo la bwana mpya. Mjomba alinyanyuka, tukamshika koti. Ndipo tukamsikia marehemu, taratibu kabisa:

"Usinipe mimi hata senti. Njoo mwenyewe kila Jumamosi. Viatu mnunulie mwenyewe, kliniki ya pumu mpeleke mwenyewe, foleni kaa naye mwenyewe."

Yule bwana alicheka, akadhani ameshinda. Msuluhishi akamwambia, "Haya baba, rudia ulichosikia." Akarudia, na kadiri alivyorudia ndivyo kicheko kilivyomwisha.

Jumamosi ya kwanza alileta viatu ambavyo mtoto angeweza kuingiza miguu yote miwili katika kimoja. Mama yetu alimfungia geti, marehemu akalifungua. Baadaye Fundi Friji alijifunza hata kumsuka binti, ingawa nywele zilitoka kama nyaya za nyuma ya friji, na marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Hatusemi haya kumsifu. Mtu hasifiwi kwa kumlea mwanawe. Tunayasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Septemba 2023 Sindano aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa, tukaomba, na Mungu akaamua apendavyo. Aprili mwaka huu, alipojua hatapona, alimwita msuluhishi wodini pamoja na Fundi Friji na sisi, ili ijulikane mtoto ataishi na nani. Mama yetu alisema alimlea Sindano, na mjukuu huyu naye atamlea. Mjomba alimwita Fundi Friji mwizi wa ujana wa watu, hadi muuguzi akaja kutunyamazisha. Marehemu akasema, "Mama, pumu ikimbana, nani atambeba? Kwa magoti hayo?"

Msuluhishi akamwomba mama arudie alichosikia. Mama alishindwa. Alilia tu, kisha akatia sahihi kwenye karatasi ya makubaliano. Mjomba hakutia, na mpaka leo hajatia.

Sindano aliaga dunia hospitalini alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024.

Ameacha mama, kaka wawili, dada mmoja na binti yake. Jana kikao cha familia kilitaka tuishie hapo. Lakini yeye aliagiza makubaliano yasomwe mbele ya watu, ili upande wowote usije ukasema haukusikia. Basi tunasoma: ameacha pia baba wa mtoto wake, ambaye leo ataondoka na binti, na kila likizo atamleta kwa bibi yake.

Fundi Friji, hatujakusamehe, na tunamwomba Mungu atusaidie katika hilo. Dawa ya pumu iko mfuko wa mbele wa begi. Sogea umchukue mtoto.

Mungu ampumzishe mdogo wetu mahali ambapo hakuna wa kupatanishwa. Amina.