Mpiga Solo wa Bombo: Melkizedeki Mgonja, 1936–1979

Wazee wetu, ndugu na jamaa, nanyi wenzetu mliopanda mlima kutoka tambarare: karatasi mlizogawiwa, zilizopigwa stensili Same juzi, zinasema marehemu Melkizedeki Mgonja alikuwa mkulima na mfanyakazi wa mkonge. Ni kweli. Alilima, na mkonge aliukata. Lakini gitaa halimo. Liliachwa kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya wazee wa usharika walisema likitajwa kaburini, kengele ya kanisa haitapigwa. Dorkas, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye anayesoma, na leo asubuhi ameandika upya kwa kalamu. Atakayetaka kufuatisha kwa kidole kwenye karatasi yake ataachwa njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 hapa hapa Bombo, mtoto wa kwanza wa Mzee Elia Mgonja na Mama Wema, wote wametangulia mbele ya haki. Nyumba yao ilikuwa chini kidogo ya ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba. Baba yao mdogo, Mzee Anaeli, ndiye mtunza pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mpaka leo. Kwa wageni wetu: ndiva ikibomoka au ikijaa tope, pembe hulia, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, na kila mwenye mikono huchukua jembe akaenda. Haulizi kuna nini. Melkizedeki akiwa na miaka minane aliuiga mlio huo kwa mdomo na viganja, amejificha nyuma ya jiko, na nusu ya kijiji ikatoka na majembe. Alichapwa. Dorkas hakupiga chochote, alicheka tu, naye akachapwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1946 na kumaliza la nane mwaka 1953. Hesabu zilimshinda, na hakuna haja ya kumpamba. Lakini katika kwaya aliimba sauti ya nne, na mwalimu wa kwaya alipoandika nyimbo ubaoni, yeye alizishika sauti zote nne, si yake peke yake. Wengi wameuliza ule upigaji wake ulitoka wapi, gitaa moja likasikika kama watu wanne. Ulitoka kwenye ubao ule. Dole gumba lilishika sauti ya nne, vidole vingine vikagawana zilizobaki. Basi kama upigaji ule ulikuwa dhambi, dhambi hiyo alifundishwa kanisani, mchana kweupe, kwa chaki.

Mwaka 1954 alishuka kukata mkonge katika shamba moja nje ya mji wa Same. Kambini alimkuta Mzee Ramadhani, mtu wa Kigoma aliyekuja kwa mkataba, mwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, lililofungwa waya mahali pa uzi mmoja. Mzee huyo alimpa gitaa siku za Jumapili, kwa sharti kwamba asipige haraka. "Kijana, unakimbizwa na nani?" alikuwa akimwambia. Mwaka 1960, yeye na rafiki yake Stefani, mpiga gitaa la rizimu, walianzisha Shengena Jazz. Siku ya Uhuru, Desemba 1961, walipiga uwanjani Same tangu asubuhi, amplifaya ikila betri ya lori. Betri ilipokwisha watu walikataa kuondoka, ikabidi Melkizedeki apande juu ya meza na gitaa kavu.

Santuri yao ya kwanza, "Zamu ya Maji", ilirekodiwa Nairobi mwaka 1966. Wenye nayo waisikilize tena wakifika nyumbani. Tarumbeta zinaingia, mwimbaji anamaliza ubeti wake wa kwanza na wa pili, na solo haijasikika. Fundi wa kurekodi alisimamisha kazi akauliza mpiga solo amelala au vipi. Stefani akamjibu, "Mwache, anangoja zamu yake." Kisha gitaa linaingia, sauti moja nyembamba, kama maji yanavyofika mferejini yakiwa bado yanasukuma majani makavu, halafu linajaa mpaka huwezi kukaa kitini. Wapiga solo wengi wa wakati ule walikuwa hodari na wepesi kuliko yeye. Walipiga mengi. Melkizedeki alipiga machache, na kila alichokipiga kilikuwa kimengojewa. Kwa hilo Dorkas hajasikia wa kumfikia, na anayemjua mwingine na amtaje hapa.

Mwaka 1963 alimwoa Safia, binti wa Mzee Ramadhani. Walioana bomani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuacha dini yake, wala hakuna aliyemwomba mwenzake aiache. Kwa ndoa hiyo, na kwa muziki wa dansi, usharika ulimtenga. Hakurudi kuomba radhi. Kila Krismasi alisimama nje ya dirisha la kanisa akaimba sauti ya nne, na wanakwaya waliopo hapa wanajua kwamba mwaka aliokuwa safarini waliyumba. Safia alipomwuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Mama Mwanakheri, wamenifungia mlango. Wimbo hawakuufunga."

Mwaka 1974 baadhi ya familia za hapa zilihamishiwa kijiji kipya cha tambarare. Mnajua wenyewe ilivyokuwa. Waliobaki juu walikuwa wachache mno, na masika yaliyofuata ukingo wa ndiva ukabomoka. Mwaka huo huo wa 1975, bwana mmoja kutoka wilayani aliwapa Shengena Jazz maneno aliyoyaandika mwenyewe, ya kusifu kijiji kipya, akawataka wakarekodi redioni Dar es Salaam. Walikwenda wakarekodi, wala hawakubadili hata neno moja. Wimbo ulitoka Jumamosi alasiri. Kule tambarare watu walikuwa wameizunguka redio ya jirani. Maneno yakapita, sifa zikapita, mwishoni solo ikaingia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Ukarudia. Ukarudia tena. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage akauweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na jembe. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Siku ya pili njia ya mlimani ilijaa watu, na ndiva iliinuka tena kabla ya wiki kwisha. Wengine walirudi tambarare, wengine hawakurudi kabisa, na wapo hapa leo.

Yule bwana alimwita ofisini, naye alikwenda, Dorkas akiwa nyuma yake.

"Umewaambia watu wahame kijiji?"

"Shikamoo, mzee. Mimi sikusema neno. Maneno uliandika wewe."

"Na lile gitaa?"

"Gitaa lilingoja zamu yake, mzee."

Gitaa la umeme lilizuiwa siku hiyo na halikurudishwa. Bendi ilivunjika. Melkizedeki alirudi Bombo, akashika jembe, na hapo ndipo alipoanza kuwa huyo mkulima wa kwenye karatasi. Jioni alipiga gitaa kavu barazani kwake. Miaka hiyo minne hakuna aliyeirekodi, na Dorkas ana hasira nayo mpaka leo, maana alipiga vizuri kuliko kwenye santuri zote.

Alianza kuugua Novemba 1978. Alitibiwa hospitali ya Same, kisha Moshi, ambako daktari alisema ni ini. Watu waliposikia ini wakasema pombe, mwanamuziki atakufa na nini kingine? Sasa lisemwe mbele ya jeneza lake: Melkizedeki Mgonja hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alikuwa akinywa chai ya tangawizi dansini, akachekwa na bendi nzima. Mwezi wa mwisho vidole vilivimba hata asiweze kubana nyuzi, akawa anagonga mapigo kwenye ubao wa kitanda. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Julai 1979, nyumbani kwake, Safia akiwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Alhamisi ukoo ulikaa. Mzee Anaeli ndiye aliyeomba gitaa liachwe. "Mwanangu Dorkas," alisema, "nataka mtoto wa kaka yangu azikwe kwa kengele kama watu wengine. Neno moja tu tuliache." Dorkas alimheshimu, karatasi zikapigwa. Tangu hapo hakupata usingizi, kwa sababu neno lenyewe ndilo lililokuwa mtu.

Leo alfajiri, kabla ya kengele yoyote kupigwa, pembe imelia. Mrefu mmoja, mifupi miwili. Dorkas alitoka nje akamkuta Mzee Anaeli amesimama ukingoni mwa ndiva na pembe mkononi, machozi yanamtoka.

"Baba mdogo, shikamoo. Ndiva imebomoka?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiva ni nzima. Sasa watu watachimbaje kaburi bila kuitwa?"

Mmekuja. Mmetoka juu, mmetoka tambarare, wa usharika na wa msikiti, wote na majembe, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Ndipo Dorkas alipoingia ndani kutafuta kalamu, na Mzee Anaeli, akijua anachokwenda kuandika, hakumzuia.

Marehemu ameacha mjane, Safia; watoto watatu, Mwanakheri, na mapacha Kurwa na Doto; mdogo wake, Dorkas; baba yake mdogo, Mzee Anaeli; na Stefani, ambaye haya yakimaliza kusomwa atapiga "Zamu ya Maji" kwa gitaa kavu la marehemu. Atapiga rizimu peke yake. Mahali pa solo ataendelea na rizimu vilevile, na tunaombwa tusijaze mahali hapo kwa makofi wala vigelegele. Tunyamaze, tungoje, kama alivyotuzoesha.

Kengele haijapigwa, na hatutaingoja. Shusheni jeneza. Huyu ni Melkizedeki Mgonja, mpiga gitaa. Mungu aliyempa vidole vile ampe na pumziko la amani.