Mama Pude na Mkesha wa Krismasi Usio na Nyimbo

Tarehe 31 Desemba 2025, baada ya miaka ishirini na moja na miezi mitatu ya kazi, Bi. Pudensiana Kalolo, ambaye Mpanda nzima humwita Mama Pude, anastaafu rasmi Redio Miombo. Mimi nimekaa naye chumba kimoja cha habari miaka kumi na mitatu, ndiyo maana kamati ya sherehe imeniomba niandike machache. Machache yamekataa kuwa machache, mtanisamehe.

Mama Pude ni mzaliwa wa Ikola. Alikuja mjini na magunia ya dagaa, akapata meza sokoni Kashaulili. Mwaka 2004 redio ilipofunguliwa, meneja wetu wa kwanza, Bw. Maximilian, alikwenda sokoni kununua kitoweo akarudi na mfanyakazi. Anasema aliisikia sauti yake kabla ya kumwona, na yeye alikuwa upande wa pili wa soko. Akampa kazi ya kuuza kadi za salamu mapokezini. Siku mtangazaji alipougua malaria, Mama Pude aliingia studio akazisoma kadi mwenyewe, kwa Kiswahili chenye Kibende cha kwao ndani yake. Msikilizaji mmoja alipiga simu kulalamikia lafudhi. Mama Pude alimshukuru hewani, akamtumia salamu yeye na familia yake yote. Kesho yake bwana yule alikuja kununua kadi tano.

Tangu hapo amekuwa mtangazaji, mtayarishaji, na kuanzia 2013 mkuu wa vipindi. Kipindi cha wakulima alikianzisha yeye, akizunguka Mishamo kwa baiskeli na kinasa sauti shingoni. Amefundisha watangazaji tisa. Lakini ukimtaja popote mkoani Katavi, watu watakusimulia mkesha wa Krismasi wa 2016.

Jioni iliyotangulia radi ilipiga, ikaunguza kompyuta iliyokuwa na nyimbo zetu zote. Mitambo ya kurushia matangazo ilipona. Asubuhi Mama Pude alipita ofisini kuaga tu. Likizo yake ilikuwa imeanza, basi la Ikola linaondoka saa nne, na mama yake mzazi alikuwa anamsubiri.

"Tufunge mpaka fundi aje," alisema Bw. Maximilian. "Bila nyimbo tutatangaza nini?"

"Bosi, mji umejaa watu, na wote wana midomo," alijibu Mama Pude, akasukuma begi lake chini ya meza. "Nipe siku moja."

Akatoka barabarani kutafuta watu. Saa tatu fundi cherehani wa Kashaulili alikuwa hewani akiwaomba radhi kina mama ambao nguo zao hazijaisha, kwa majina. Wavuvi wa Ikola walieleza kwa simu jinsi ya kukausha dagaa kipindi cha mvua. Katekista na shehe wakabishana kwa vicheko kuhusu nani kati yao hula zaidi kwenye sikukuu ya mwenzake.

Saa tano mhudumu wa stesheni ya reli akatuletea bibi mmoja na gunia lake. Alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi hiyo, hakuna aliyempokea. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Ngusa, fundi mitambo wetu, akazungumza naye Kisukuma, tukaelewa. Jina lake Kabula, ametoka Shinyanga, anamfuata mwanawe Mwandu ambaye hajamwona miaka sita. Namba ya simu aliyokuwa nayo haikupatikana. Tulipiga simu Mwamkulu, kijiji alichokuwa ameelekezwa, tukaambiwa Mwandu alishahama na ng'ombe wake, haijulikani wapi. Bibi akaanza kulia kimyakimya, uso kaufunika kwa kanga.

Mama Pude hakusoma tangazo la kumtafuta Mwandu. Alimketisha bibi mbele ya maikrofoni, akafungua gunia, akakuta michembe. "Ngusa, mwambie atufundishe viazi hivi vinakaushwaje."

Basi bibi akafundisha, Ngusa akatafsiri. Dakika kumi baadaye alishasahau kulia, alikuwa anawasema wanawake wa siku hizi wanaokata vipande vinene. Kisha, bila kuombwa, akageukia ile maikrofoni na kusema kwa Kisukuma, kwa ukali, "Mwandu, kama unanisikia, mama yako yuko kwenye nyumba ya redio. Usipokuja, michembe nawagawia hawa."

Saa nane simu ikalia. Mtu kutoka Ugalla. "Tulikuwa joshoni tunaogesha ng'ombe, redio iko juu ya mti. Mwandu kaondoka na pikipiki, hata hajaaga!"

Saa kumi na nusu tulikuwa katika kipindi cha watoto, mlango wa studio ukafunguliwa. Jamaa alikuwa na tope hadi magotini. "Mayu," alisema, akapiga magoti. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgombeza jinsi alivyokonda. Yote yakaenda hewani. Ngusa alishindwa kutafsiri, alikuwa analia. Mama Pude akasema tu, "Wasikilizaji, nadhani nyie mmeelewa."

Basi la Ikola lilikuwa limeshakwenda. Mama Pude alikula Krismasi Ugalla kwa kina Mwandu, akafika kwa mama yake tarehe ishirini na saba, na alituambia hakugombezwa hata kidogo: kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, alijibu, "Namba ya studio. Nikipiga, msinikatie."

Asante, Mama Pude, kwa sauti yako na kwa subira uliyotufundishia kazi. Nenda Ikola ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Piga saa yoyote. Kama taarifa ya habari iko hewani, itasubiri.

Specioza Yotham
Chumba cha Habari