Rangi ya Kijani Kabla ya Kisu

Kamwene, wapendwa. Mnisamehe, sitashika maiki. Sauti yangu inatosha kulijaza kanisa hili, na ushuhuda wenyewe ni mfupi.

Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya msituni, kuangusha mipaini. Mtu wa kazi ile hatakiwi kuwa mwoga. Basi ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi nimeogopa mpaka nikatoroka hospitali na kandambili za wodini.

Ilianza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa nikishakula nyama ya mafuta kama kitimoto. Nikajipa moyo kwamba ni vidonda vya tumbo, nikanywa mitishamba mpaka ulimi ukachacha. Siku moja nikaanguka huko huko kazini, natapika. Mke wangu akanipeleka Mbeya. Wakapima, wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko umevimba vibaya. Ulitakiwa kutolewa.

Wakasema hawatanipasua tumbo zima, watapitisha kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu madogo. Hapo nikapumua kidogo. Kisha nesi akaja: "Baba, kabla ya kukatwa tutakuchoma dawa ya rangi ya kijani."

Nyie wa Mafinga mnajua. Msituni, mti uliopakwa rangi ndio wa kuangushwa. Nimepaka mingi kwa mkono wangu. Niliposikia natiwa rangi kabla ya kukatwa, nikajua hawa wameshaniona sifai. Msicheke, baridi iliniingia mpaka kwenye meno. Nesi alipogeuka, nikatoka.

Mke wangu alinikuta getini, nimejikunja kwa maumivu, namsihi bodaboda anipeleke stendi. Hakunigombeza. "Baba watoto, unaogopa nini? Sema." Nikasema. Akanishika mkono mpaka kwa daktari, akamwambia, "Naomba umsikilize kwanza."

Daktari, mama wa makamo, hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Mzee, mfuko wa nyongo una kamrija kake. Jirani yake kuna mrija mkubwa unaotoka kwenye ini, na huo hatutakiwi kuukata kabisa. Sasa wewe umevimba, humo ndani vitu vimeshikana. Hii dawa inaingia kwenye nyongo. Tukiimulika kwa taa yake, mirija inang'aa kijani kwenye skrini, tunaona upi wa kukata na upi wa kuuacha. Rangi hii ni ya kukulinda."

Nikamuuliza kama nitaamka.

"Siwezi kukuahidi," akasema. "Ila sitakata nisichokiona."

Wapendwa, neno hilo ndilo lililonirudisha kitandani. Angeniahidi, ningetoroka tena. Na msidhani woga uliisha. Nilipolazwa kwenye ile meza nililia mbele ya watoto wa watu. Nikaamka na plasta nne tumboni. Daktari akaniambia ule mrija mkubwa ulikuwa umelaliana na ule mdogo, na kwa macho matupu ungewapa shida kuutambua.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari na manesi, na nyie mliowapikia wanangu tulipokuwa mbali. Funzo langu ni dogo. Ukiogopa, taja unachokiogopa, umtajie anayeweza kukujibu. Mimi nilitaka kufa na woga wangu moyoni.

Mama watoto, simama wakuone. Bila huyu, ndugu zangu, mngeshakuja kwangu, mkakaa chini ya turubai la msiba, na habari zangu angewasomea mtu mwingine.