Elina Mtewele, Aliyeita Ugonjwa kwa Jina Lake

Elina Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 kijijini Uwemba, Njombe, mtoto wa pili wa Mzee Alois Mtewele na Mama Dorosela. Shule ya msingi aliisoma hapohapo, 1983 hadi 1989. Mwaka 1991 mama yake alifariki kwa kidonda cha titi. Nyumbani ilisemwa ni jipu, na neno hilo Elina hakulisahau.

Baada ya sekondari alijifunza utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1997 akaajiriwa katika hospitali ya misheni mjini Njombe. Kazi yake ilikuwa kusoma alichoandika daktari na kukiwekea namba ya ugonjwa, ile ambayo watu wa bima huiangalia kwanza.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na Edward Nyagawa, fundi wa malori Makambako. Wifi yake, Scolastika, husimulia kwamba siku moja alimimina sukari kwenye kopo lililoandikwa “chumvi”. Elina hakuinjika chai mpaka amefuta na kuandika upya. “Wifi,” alisema, “kopo likidanganya, chai ndiyo inayoumbuka.”

Februari 2023 aligundua uvimbe. Katika hospitali ya Ikonda alikotibiwa aliisoma namba yake mwenyewe, C50, saratani ya titi, aliyokuwa amewaandikia wengine miaka ishirini na sita. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni ya kurithi, na binti yake Nelly amebeba hatari ileile. Madaktari wakashauri Nelly aondolewe matiti mapema, angali mzima.

Hapo usingizi ukamhama. Bima iliirudisha fomu ya upasuaji wa Nelly mara mbili: mgonjwa hana ugonjwa. Kuna aliyemshauri Elina kwamba Nelly aandikiwe C50 tu, fomu ipite. Elina akakataa, maana namba hiyo ingemfuata mtoto kila dirisha la hospitali. Akakaa na daktari, ikaandikwa Z40.0, upasuaji wa kinga, na historia ya ukoo ikaambatanishwa: bibi, saratani, mama, saratani. Jipu halikutajwa. Kila mwanawe Enoki alipoingia chumbani, swali la Elina lilikuwa moja, “Wamejibu?”

Kibali kilitoka tarehe 20 Agosti 2025, cha siku thelathini tu, na tarehe ya upasuaji ikapangwa ndani ya siku hizo.

Scolastika alimwuliza, “Mtoto haumwi, wifi, mnamkata nini?”

“Ndiyo wakati wenyewe, wifi. Mimi nilichelewa.”

Elina alifariki nyumbani Makambako Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Jana yake aliagiza, “Msihamishe tarehe ya Nelly kwa ajili ya matanga yangu. Na makaburini semeni, msifiche.”

Basi imesemwa. Nelly ataondoka Jumapili asubuhi kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji, kabla matanga hayajaanuliwa. Tafadhali, asisutwe. Anaogopa, na atakayemsindikiza ni shangazi yake Scolastika.

Marehemu ameacha baba, mume, watoto wawili, Nelly na Enoki, na wifi yake.

Apumzike Elina, asiulize tena. Tarehe haijahamishwa.