Waliniita Ndoki kwa Sababu Sikulia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Itikieni polepole tu, nawaomba, na ndugu yetu wa vyombo apunguze sauti ya bafle zake kidogo. Asante. Nikiangalia chini wakati ninasema, musifikiri ninawadharau. Ndiyo namna yangu, na ushuhuda wangu iko juu ya namna hiyo.

Mimi ni Mama Furaha, ninauza samaki wa kukaushwa kule kwenye soko ya Wagenia. Samaki yangu munaijua. Mimi hamunijui. Tangu utoto nilikuwa peke yangu katikati ya watu. Sokoni wenzangu wakicheka, sikujua wanacheka nini. Nilikuwa ninacheka wakati wao wameshamaliza, basi wote wananigeukia. Nilimuuliza Mungu: Baba, hawa wote uliwafundisha wapi? Mbona mimi hukuniita siku ile?

Alors, mama yangu akafa, kule Yanonge. Nilimupenda kuliko mutu yeyote, maana alikaa na mimi bila kunilazimisha kuongea. Munajua matanga ya kwetu: wanawake wanalia kwa sauti, wanajitupa chini. Kelele ile ilinikata masikio. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kuosha sufuria za matanga. Nikaosha zote. Zilipokwisha, nikazichafua kwa muchanga, nikaosha tena. Mwili wote ulikuwa unauma, lakini chozi, hapana!

Ndugu zangu, sufuria zile ziliniponza. Tantine, dada mukubwa wa bwana yangu, akasema mbele ya wote: "Angalieni! Hata machozi hana! Ni yeye amemukula mama yake!" Yaani nimemuua kwa ndoki, kwa uchawi. Tangu siku ile wateja walipita meza yangu bila kusimama. Hata hapa kanisani, nikikaa, benchi ilibaki tupu. Wengine wenu munakumbuka.

Hiyo niliivumilia. Lakini Furaha, mutoto wangu! Mutoto naye anaziba masikio, anakula wali mweupe tu, hataki kushikwa na wageni. Tantine akasema ndoki ya mama imeshaingia kwa mutoto. Akasema Jumatatu anamupeleka kwenye chumba cha maombi, wamufungie bila chakula wala maji mpaka aungame. Baba yake akanyamaza. Eh, Mungu wangu! Mutoto ambaye hata njaa yake hawezi kuisema, ataungama nini? Angefia mule ndani!

Bon, mwalimu wake alikuwa ameniambia kuna daktari wa watoto wa namna hii. Jumatatu mapema nikamupandisha Furaha kwenye toleka, nikamuambia yule kijana wa baiskeli akanyage kwa nguvu, tukakimbia. Daktari akauliza juu ya mutoto. Anaziba masikio? Anarudia kitu kimoja siku nzima? Kila swali nilijibu, "Ndiyo, kama mimi tu." Mwishowe akaweka kalamu chini, akaniangalia. "Na wewe, mama, kuna mutu amewahi kukuuliza maswali haya?" Hakuna! Maisha yangu yote, hakuna!

Akamuita bwana yangu kwa simu, naye akakuja. Akamueleza kwamba mutoto ana otisimu, na anafikiri mama yake pia anayo. Ubongo wetu unasikia dunia kwa namna nyingine, tangu tumboni. Si pepo. Si ndoki. Papa Furaha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia.

"Sufuria zile," akasema. "Kumbe ndiyo ilikuwa kulia kwako."

Tulimukuta Tantine nyumbani, anangoja kumubeba mutoto. Bwana yangu akasimama mulangoni: "Yaya, dada yangu, mutoto haendi." Basi! Bwana asifiwe! Tantine akaondoka, na mpaka leo hajakula tena kwetu.

Nilirudi kwa daktari mara nyingi, akanipima vizuri, akanihakikishia kwamba na mimi ninayo. Nilicheka, ndugu zangu, nilicheka mpaka akafunga mulango! Kisha huzuni ikanishika, maana mutu niliyetaka kumuambia wa kwanza ni mama, na mama hayuko.

Sitawadanganya. Bwana hakunigeuza mutu wa vicheko. Watoto wa jirani hawamuiti Furaha kucheza, na mimi siku nyingine ninamaliza wiki bila mutu kuuliza habari yangu. Upweke bado iko. Lakini siombi tena Mungu aniumbe upya. Ninamushukuru kwa mutoto wangu aliyebaki hai, na kwa bwana yangu aliyefungua kinywa.

Na wewe muzazi uliyekuja kuimba hapa na umeacha mutoto amefungiwa kwenye chumba kama kile, ninasema na wewe. Umutumaini Mungu aliyemuumba hivyo. Usingoje ibada iishe. Simama sasa, hata katikati ya wimbo, uende ukamufungulie. Kama unaogopa kutoka peke yako mbele ya watu hawa wote, mimi nitatoka na wewe. Amina.