Fundi Antena na Samahani ya Kwenye Maikrofoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye, redio yako ikikwaruza, angeitazama mara moja tu kisha akuulize huo waya wa kuanikia nguo ulioufanya antena una kazi gani. Tulimwita Fundi Antena. Tumemzika juzi. Fundi Antena hatunaye tena.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za sherehe kwa droni, ile kamera inayoruka. Ninyi mlikuwa mnaona picha nzuri. Hamkumwona yeye amekodoa macho kwenye skrini ndogo, midomo ikimcheza, anaibembeleza picha isikatike. Maana picha ikiingia chenga, mrushaji hajui tena droni yake inaelekea wapi.

Antena za dukani hakuziweza bei. Akatengeneza zake. Waya wa shaba aliouchuna kwenye kebo ya umeme iliyotupwa. Mfuniko wa kopo la rangi. Risasi kidogo ya kulehemu. Waya unasokotwa kama springi, basi. Zinakuwa antena mbili: moja inapanda na droni, nyingine inabaki kwenye skrini. Na zote mbili lazima zizungukie upande uleule. Narudia, upande uleule. Zikipishana, zinakuwa kama mke na mume walionuniana. Chumba kimoja, watasikilizana tu. Mmoja akienda mbali, kwisha habari.

Mkewe ni msusi. Kichwa akikisuka yeye, hata mwenyewe unatembea taratibu. Siku moja Fundi alizidiwa na kazi, akamwita mezani.

"Mama watoto, hivyo vidole vyako nivikodishe leo."

Wakaketi wakitazamana. Fundi akasokota moja, mke akafuatisha nyingine. Wakajaribu uani, picha ikatoka safi kabisa. Wakacheka, wakafunga mizigo, wakaenda harusini.

Kule droni ilipaa vizuri. Ilipovuka paa la ukumbi, chenga. Halafu giza. Fundi akabonyeza huku, akabonyeza kule. Droni ikarudi yenyewe kama mlevi, ikajipigiza kwenye nguzo ya hema, ikaangukia meza kuu, katikati ya keki.

Mshereheshaji, kwa kutaka kuchangamsha watu, akamsogezea Fundi maikrofoni. "Haya fundi, tuambie, imekuwaje?"

Na Fundi, jasho linamtoka, akasema: "Kosa langu ni kumwachia waya msusi. Amesokota antena kama anasuka nywele!"

Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka hadi wateja wa mkewe, wakiwa na misuko yake mwenyewe kichwani. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, ameshika nyaya za umeme. Akaziweka chini polepole. Akaondoka kwa miguu.

Wasikilizaji wapendwa, Fundi alipofika nyumbani alizipanga antena mbili mezani. Ya mkewe ilikuwa imesokotwa vizuri kuliko yake. Ila ilizunguka kinyume. Ndipo akakumbuka jinsi walivyoketi. Aliyekaa mbele yako akifuata mikono yako, anaifuata kama kwenye kioo. Kulia kwako kunakuwa kushoto kwake. Mke alifuata alichoonyeshwa, bila kukosea hata mzunguko mmoja. Aliyempangia kiti ni Fundi.

Akamfuata jikoni. "Mama watoto, nisamehe. Kosa lilikuwa langu."

Mke hakugeuka. "Umenitukana kwenye maikrofoni, unaniomba radhi kwenye sufuria? Nenda ukaseme kule uliponitukania."

Binti yao mkubwa ametuambia: "Baba alikuwa akisikia neno harusi, anainamisha uso. Alifundisha watu wengi kutengeneza antena, lakini hakuna aliyeruhusiwa kukaa mbele yake. Wote benchi moja, ubavuni. Ukimuuliza kwa nini, anaanza kutafuta koleo ambayo ameishika."

Sifa zilimjia nyingi. Wakulima walikagua mashamba kwa droni zenye antena zake za kopo, picha safi mpaka mwisho wa mto. Kila akisifiwa mbele ya mkewe, alizidi kunywea. Nyumbani walikula pamoja, walilea pamoja. Ila tangu siku ile mama hakugusa waya wake tena. Hata kumshikia taa alikataa.

Mara moja Fundi alifika hapa kituoni. Nilimpokea mwenyewe. Akaketi, akamaliza maji yote ya wageni. Nikamwambia, "Karibu studio, fundi." Akaniambia amekuja kuangalia antena yetu ya juu ya paa. Akapanda kweli! Akashuka, akasema haina tatizo, akaenda zake. Tulimtania mwezi mzima.

Alipolazwa, alimwita binti yake. Akampa maneno, akamwambia ayalete hapa, yasemwe kwenye maikrofoni. Mama mwenyewe tunaye studio, amekaa ubavuni mwangu. Maneno ni haya:

"Siku ile ya keki, mke wangu hakukosea. Nilikosea mimi, nikamtwika yeye mbele ya watu kwa sababu niliona aibu. Kisha nikaona aibu ya kusema kwamba niliona aibu. Mke wangu ana mikono bora kuliko yangu."

Mama, mabinti, na ninyi nyote mliojifunza kwenye benchi lake, kituo hiki kizima kinawapa pole. Mungu amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemdhalilisha ili kuchekesha umma, ukaja kumwomba radhi chemba, unamjua. Usisubiri mtangazaji. Mtangazaji ana sauti mbaya, na maneno si yake.

Nilitaka kuishia hapa. Mama amenivuta mkono wa shati.

"Soma tena," anasema. "Wateja wangu wengine wanachelewa kufungua redio."

Haya, wasikilizaji wapendwa. Ongezeni sauti. Nasoma tena.